Gereza la wadaiwa katika riwaya za enzi ya Victoria

Gereza la wadaiwa ni jela walimofungwa watu walioshindwa kulipa madeni huko Uingereza. Hawakuwa wahalifu, wala hawakuhukumiwa miaka. Mdai alimshika mdaiwa kama mtu anavyoshika rehani: deni likilipwa au mdai akiridhia, mlango unafunguliwa, la sivyo, mtu anakaa. Fundi aliyetenganishwa na zana zake atapata wapi fedha za kulipa? Sheria haikujisumbua na swali hilo. Gereza hili lisichanganywe na nyumba ya maskini, ambako fukara alilishwa kwa kufanyishwa kazi. Mdaiwa hakufanyishwa kazi, na alijilisha mwenyewe. (Sheria za Kenya na Tanzania bado zinamtambua mfungwa wa madai, ila huku posho ya chakula hutolewa na mdai.)

Mchujo wa matabaka ulianza mapema. Mwenye vijisenti alishikiliwa kwanza nyumbani kwa ofisa wa kukamata wadaiwa, akilipia kitanda na chakula kwa bei ya kumkamua, huku akiandika barua ndugu na rafiki waje kumkomboa. Ndimo alimoingia Rawdon Crawley katika riwaya ya Thackeray, Vanity Fair. Asiye na kitu alipitiliza jela. Mbunge hakukamatwa kwa deni kabisa.

Mwandishi wa riwaya Charles Dickens hakuyasoma haya vitabuni. Februari 1824 baba yake, karani wa jeshi la majini, alifungwa Marshalsea, gereza la wadaiwa huko Southwark, London, kwa deni la pauni 40 na shilingi 10 alilodaiwa na mwoka mikate. Mama na wadogo walihamia humo humo. Charles, mwenye miaka 12, alibaki nje akibandika karatasi kwenye vikopo vya rangi ya viatu kwa shilingi 6 kwa wiki. Ili baba aachiliwe kwa sheria ya waliofilisika, nguo na vitu vya familia havikutakiwa kuzidi thamani ya pauni 20. Basi mtoto naye alikwenda kwa mthamini, nguo zake mwilini, saa ya fedha aliyopewa na bibi yake ikigonga mfukoni, roho juu.

Riwaya yake ya kuisoma ni Little Dorrit (1855–57), na msomaji ajihadhari na tarehe: Marshalsea ilifungwa 1842, hadithi imerudishwa miaka kama 30 nyuma, na sheria iliyokomesha kwa sehemu kubwa kifungo cha deni ilikuja 1869. William Dorrit amekaa ndani zaidi ya miaka 20, anaitwa Baba wa Marshalsea. Wafungwa hujiita wanachuo. Anayetoka humwachia sarafu ya fedha ndani ya barua, naye huipokea kama heshima anayostahili mkubwa. Siku moja mpiga lipu, chokaa ingali kwenye nguo zake, anamtia mkononi vijisenti vya shaba. Dorrit anafoka, “Unathubutuje!”, kisha machozi yanamtoka. Fedha alishaizoea, shaba ya mtu wa kazi ya mikono ilimwonyesha amefika wapi. Binti yake Amy hushona nje ili wale, na nyumba nzima hujifanya haijui, maana binti wa muungwana hafanyi kazi ya ujira.

Baadaye Dorrit anapata urithi mnono na kuhamia miongoni mwa matajiri. Katika karamu huko Roma akili inamruka: anasimama kuwakaribisha wageni Marshalsea, akiwadokezea kwa adabu zote kwamba zawadi ndogo hupokelewa.