Kwa nini mraba mmoja wa viraka una majina matatu?

Shangazi yangu hushonea barazani kwake, Kirumba, na vipande vya vitenge vinavyobaki hatupi. Huvijaza kwenye mfuko wa sandarusi mpaka vitoshe blanketi la viraka. Siku moja nilimwonyesha kwenye simu mraba maarufu wa Marekani uitwao Unyayo wa Dubu, nikamweleza kwa kujiamini: mwanamke fulani aliona alama za dubu njiani, akarudi nyumbani akazishona. Jina kwanza, sindano baadaye.

Nilikosea, na nadhani kanga ndiyo iliyonipoteza. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina linachapwa kiwandani pamoja na maua. Huwezi kuamka asubuhi ukalibadilisha. Mraba wa viraka hauna maandishi. Mara nyingi umbo lilikuwepo tayari, likashonwa na wengi, na kila aliyelitazama akaliita alivyoliona. Jina lake linakaa mdomoni.

Fikiria dagaa. Samaki ni yuleyule, ziwa ni lilelile. Mwanza ni dagaa, Kisumu ni omena, Uganda ni mukene. Samaki mwenyewe hajaongezeka hata mwiba.

Sasa utazame huo Unyayo wa Dubu. Ukiugawa, ni vyumba saba kwa saba. Kila kona ina mraba mkubwa, pembetatu nne zilizochongoka kuuzunguka pande mbili, na kijimraba kwenye pembe. Katikati unapita msalaba wa kitambaa. Ugomvi wote uko kwenye zile pembetatu. Anayeishi na dubu huona kucha. Long Island, kisiwani, inasimuliwa kwamba waliuita Mguu wa Bata Topeni. Philadelphia, waumini wa Kanisa la Marafiki wakaona Mkono wa Urafiki (watu wanaoitwa Marafiki wangeona nini kingine?). Simulizi hizi ziliandikwa miaka mingi baada ya washonaji wenyewe, kwa hiyo nisingeziapia mahakamani.

Majina mengine yalitoka kwa watu. Henry Clay aligombea urais wa Marekani mwaka 1824, 1832 na 1844, akashindwa mara zote tatu, lakini kwenye mablanketi alipata nyota: Chaguo la Clay. Nyota hiyohiyo huitwa pia Nyota ya Harry, na wengine husema Nyota ya Magharibi, bila Clay wala Henry.

Ninaoupenda zaidi ni Mguu Mzururaji. Iliaminika kwamba kijana akilala chini yake atahama nyumbani asirudi. Dawa yake? Ukaitwa Nyayo za Bata Mzinga, vijana wakaendelea kulala. Hakuna uzi uliofumuliwa.

Baadaye magazeti yaliyachapa majina na kuyatuliza kidogo. Kansas City Star lilitoa michoro ya viraka kuanzia 1928 hadi 1961, mingi ikiletwa na wasomaji wake. Hata hapo, mraba mmoja uliweza kurudi na jina jipya.

Nilimrudia shangazi na masahihisho yangu. Akaniuliza dubu ndiye mnyama gani. Nikamtafutia picha. Aliutazama mguu wa dubu, akautazama mraba, akavuta cherehani karibu.

“Huyu ni bata,” akasema, akaanza kukanyaga pedali.