Gitaa la vitufe la Mtaliano, laki nane, ninunue au niache?

Swali lilikuja WhatsApp na picha kadhaa na voisi ndefu. Kuna gitaa la umeme la zamani linauzwa Iringa, pikapu nne (zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi), vitufe vimejipanga mstari, mwili mzima unametameta kama kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kubana, mzee mwenye nalo anataka laki nane, fundi nisaidie ninunue au niache. Aliyeuliza ni kijana anapiga solo kwenye kwaya Mafinga, nishawahi kumtengenezea gitaa lake, na kwa jinsi alivyokuwa anaongea moyo wake ulishanunua zamani, kilichobaki ni hela tu na mtu wa kumwambia sawa.

Mimi natengeneza magitaa hapa Mbeya, na haya ya ajabu ajabu hunipitia mkononi mara mojamoja. Naandika namna ninavyolikagua gitaa la aina hii maana nikijibu WhatsApp inapotea, halafu wiki ijayo mwingine anauliza lile lile.

Kwanza ujue ni kitu gani. Nilimwambia alipige picha kibati cha nyuma, pale shingo inapofungwa na skrubu kwenye mwili. Kikasoma Recanati, Italy, basi hapo nikajua tuna Eko, gitaa la kiwanda cha pale. Recanati iko jirani na Castelfidardo, na ukanda ule wote ni wa mafundi kodiani. Oliviero Pigini naye alitokea kwenye kodiani, akaanzisha Eko 1959, na magitaa yao ya miaka ya mwanzo ya 60 wakayatengeneza kwa vitu walivyokuwa navyo tayari, yaani plastiki ya kung'aa ya kuvalishia kodiani, na vitufe vya kubadili sauti badala ya swichi. Kwa hiyo kijana aliposema kama kodiani alikuwa amepatia bila kujua. Pikapu nne ilikuwa fasheni ya wakati ule, mteja akiona nne anajiona kapata mara mbili ya mwenye mbili, ingawa ukweli ni kwamba hizo za katikati watu wengi hawazigusi. Eko waliuza sana Marekani na Uingereza, na kuanzia katikati ya miaka ya 60 wakawa wanawatengenezea kampuni ya Vox ya Uingereza magitaa hapo hapo Recanati. Kampuni ile ya kwanza ilikufa 1985, jina likaendelea.

Nayasema haya kwa sababu watu wanachanganya ajabu na adimu, halafu adimu na ghali. Gitaa likiwa la ajabu kwa macho ya Mafinga haina maana ni adimu duniani. Eko zipo nyingi. Siyo takataka, ila Gibson, yale ya Kimarekani ya bei kubwa, siyo, na ukiangalia bei mtandaoni usiangalie ile mtu anayotaka, angalia zilizokwishauzwa, maana kutaka kila mtu anataka. Na hata hiyo ni bei ya kule kwenye wanunuzi. Hapa Mbeya wanunuzi wa kitu hicho ukiniondoa mimi sijui kama anabaki wa pili.

Mzee anasema lilitoka kwa padri. Inawezekana kabisa, Wamisionari wa Consolata, Waitaliano, wako Iringa tangu 1919 na Tosamaganga kila mtu anaijua. Ila hadithi hailipiwi. Angekuwa na picha ya kwaya ya enzi hizo na gitaa lenyewe linaonekana hapo tungezungumza. Vinginevyo unaisikiliza kwa heshima, unashukuru, unarudi kwenye shingo.

Shingo ndiyo gitaa, jamani. Pikapu inabadilishwa, poti (kile cha kuzungusha volyum na toni) inabadilishwa, rangi haipigi noti. Shingo ikiwa imejisokota, upande wa uzi mnene umeenda huku na wa uzi mwembamba umeenda kule, kwa vifaa tulivyonavyo huku Nyanda za Juu hiyo ni basi, usiguse hata kwa laki moja labda kama unataka pambo la ukutani. Unalishika gitaa kama unalenga shabaha, jicho upande wa mwili, unatazama kingo mbili za ubao wa freti, vile vyuma vilivyolala shingoni, kama zinakimbia sambamba. Halafu unabana uzi wa sita, ule mnene, freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine unaubana pale shingo inapoingia mwilini, unatazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Ikipita kadi ya vocha imebana hivi, shwari. Ikipita kidole, shingo imepinda mbele kwa miaka yote hiyo ya kuvutwa na nyuzi ambazo hakuna aliyezilegeza, na hapo uulize kama kuna chuma cha kurekebishia ndani na kama nati yake inazunguka bado, na nati ya miaka 60 unaijaribu kwa upole, ikigoma unaiacha, usioneshe nguvu kwenye gitaa la mtu.

Na hali ya hewa izingatiwe. Huku kwetu kiangazi ni kikavu na baridi ya Juni, Julai inajulikana, mbao inasinyaa, ncha za freti zinatokeza pembeni unapitisha mkono zinakukwaruza. Hilo siyo tatizo kubwa, ni tupa na uvumilivu. Ila gitaa lililozoea Iringa ukilipeleka mkutano wa injili Kyela, joto na unyevu ule wa ziwani, kesho yake nyuzi zimepanda na unasema limerogwa.

Eko nyingi zina freti sifuri, yaani freti ya ziada pale juu kabisa mbele ya kile kipande cha kugawia nyuzi, nyuzi zote zinailalia hata usipobana kitu. Kwa hiyo ndiyo inayolika kuliko zote. Ukipiga uzi mtupu unalia zzz lakini ukibana freti ya kwanza unalia safi, mwizi ni huyo, na ni freti moja tu ya kubadilisha. Muuzaji asipolijua hilo ataona aibu atashusha bei, na wewe unajua ni kazi ya asubuhi moja.

Basi tukakutana Iringa, Ipogolo pale chini, tukapanda mjini hadi kwa mzee Kihesa. Kamwene, kamwene, shikamoo mzee, marahaba wanangu, chai ikaja, gitaa likatolewa kwenye boksi lake la zamani. Nikiri, lilinipendeza. Nilimwambia kijana kabla hatujaingia kwamba bei ataongea yeye, mimi nakagua tu, maana fundi anayetamani mali ya mteja wake hafai kushika mazungumzo ya bei.

Amplifaya hakuna, na kwa mzee huwezi kudai amplifaya, ila mita ya kawaida ya fundi redio inatosha sana. Unachomeka waya wa gitaa, volyum na toni unafungulia mwisho, unaweka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), waya mmoja wa mita kwenye ncha ya jeki, ile plagi ya waya wa gitaa, mwingine kwenye mwili wake. Pikapu nzima itasoma elfu kadhaa za omu. Ukiona laki mbili na nusu au laki tano, usifurahi ukadhani pikapu ina nguvu, hiyo siyo pikapu, unasoma poti ya volyum peke yake kwa sababu koili imekatika na umeme hauna njia nyingine. Hapa ndipo watu wanauziwa magitaa bubu.

Sasa kwenye vitufe ndiyo patamu. Kitufe cha jozi ya mbele, kinachowasha pikapu mbili kwa pamoja, kilisoma vizuri. Cha jozi ya nyuma kikasoma karibu mara mbili yake. Kijana akasema safi, za nyuma zina nguvu zaidi. Hapana. Pikapu mbili zinazofanana zikiungwa sambamba, usomaji unagawanyika nusu, kwa hiyo jozi inayosoma mara mbili ya mwenzake ina uwezekano mkubwa kwamba ndani yake mmoja kafa na unamsoma aliyebaki peke yake. Kuhakikisha tukaazima redio ya jirani yenye tundu la maiki, tukachomeka, nikawa nagonga kila pikapu taratibu kwa ncha ya bisibisi. Moja ko, ya pili ko, ya tatu kimya, ya nne ko. Ya tatu ndiyo marehemu.

Pikapu iliyokatika inasukwa upya, lakini siyo kwa wale mafundi wa kusuka mota za mashine za kusaga, waya wa pikapu ni mwembamba kuliko unywele, milimita 0.06 hivi, unazungushwa mara maelfu, ukivuta kidogo tu umekatika unaanza moja. Waya wenyewe dukani Mbeya hakuna, unaagiza. Kwa hiyo kwenye hesabu pikapu mfu niliiandika sifuri.

Vitufe vilikuwa vinakwaruza na kimoja kinakata sauti mpaka ukibonyeze mara mbili. Hilo lisikutishe hata kidogo, ni kutu ya kwenye kontakti, unapuliza spray ya kontakti, unabonyeza bonyeza, vinarudi. Na kama ukikuta gitaa halitoi sauti kabisa angalia kwanza kama hakijabonyezwa kile cha alama ya 0, kazi yake ni kuzima.

Plastiki ile ya kung'aa iangaliwe kwa pua pia. Plastiki nyingi za kodiani za zamani ni seluloidi, ile ile ya mipira ya pingipongi ya zamani, ikianza kuoza inatoa hewa ya asidi, unasikia harufu kali puani na skrubu za jirani zinaota ukijani. Hii ilikuwa imesinyaa tu kwenye kona moja, harufu hamna. Ila seluloidi inashika moto vibaya sana, kwa hiyo ukimpa fundi simu akuchomee waya na lehemu humo ndani bila kutoa bati la vitufe nje kwanza, na yeye na gitaa na meza vyote viko hatarini. Simtishi mtu, ndivyo ilivyo.

Jambo la mwisho ambalo watu hawalifikirii ni nyuzi. Magitaa ya wakati ule yalipangwa kwa nyuzi nene, na uzi wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya. Leo unafunga namba 10 za dukani, ambazo ni nyembamba, uzi wa tatu haujazungushiwa waya, na kama daraja (kile nyuzi zinapolalia mwilini) halina skrubu za kusogeza kila uzi peke yake uzi ule utakuwa juu kidogo ya tuni kila ukipanda kule freti za juu, unalaumu masikio ya mpiga kinanda bure.

Tukajumlisha pale pale. Shingo nzuri, imepinda kidogo tu mbele. Freti sifuri imeliwa. Pikapu moja imekufa. Mkono wa kutetemeshea sauti haupo. Ukinguruma kwenye spika za kanisani usishangae, pikapu za koili moja zote hunguruma, na kama ukumbi hauna atha nzuri (waya wa kupeleka umeme ardhini) utanguruma zaidi na utarushwa na umeme kwenye midomo ukigusa maiki, hilo ni suala la ukumbi siyo la gitaa. Nikamuuliza kijana kitu kimoja, lile gitaa lako la sasa unaliuza ili ununue hili? Akasema hapana. Hapo ndipo nilipolegea. Kwa mtu mwenye gitaa moja tu ningemkatalia kabisa, laki tano unapata Yamaha iliyotumika ambayo kila skrubu yake inapatikana, Jumapili haikuangushi. Lakini kama Jumapili imeshalindwa, hili ni la sauti ya solo za zamani, ile nyembamba inayolia kama Morogoro Jazz, na hiyo pikapu tatu zilizobaki zinaitoa bila shida.

Nikamwambia ukomo wako laki tano, ikizidi tunywe chai tuondoke. Mzee alianza nane, akaja saba, nikaona kijana anataka kuitika nikakohoa. Tukamwonesha mita na pikapu iliyokufa, akagonga mwenyewe na bisibisi, akacheka, akasema basi hata padri hakujua. Wakamalizana laki tano, ila boksi akalizuia, lina mfuko wa ndani anawekea mbegu za mahindi. Nikambana kijana asilisahau, maana boksi la asili linaongeza thamani na bila hilo gitaa linasafiri kwenye basi limefungwa blanketi, ndivyo lilivyokuja Mbeya. Mzee kasema tulifuate mvua zikianza, akishapanda.