80 na 50, wastani wake SIO 65

Jumatano jioni mama mmoja kaja tuisheni hapa Uyole kashika karatasi ya mtihani wa mwanae, hata salamu haijaisha vizuri kashaanza, "Mwalimu, 80 na 50 katikati yake si 65? Mbona mtoto kakoseshwa?" Sio wa kwanza, wala wa kumi, na wengine wanaonibishia hili ni watu wazima wenye vyeti vyao, kwa hiyo leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki.

Swali lilikuwa hivi. Basi limetoka Mbeya kwenda Makambako, tuseme km 180, limetumia saa 3. Barabara ikiwa wazi linakwenda km 80 kwa saa, kwenye makazi ya watu linakwenda 50. Limekwenda 80 kwa saa ngapi, 50 kwa saa ngapi, na wastani wa mwendo wake ni ngapi? Saa za 80 ziite x, za 50 ziite y:

x + y = 3
80x + 50y = 180

Y ni 3 − x, pachika, 30x = 30, x ni 1 na y ni 2. Hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi unakuja kwenye wastani. Km 180 gawa kwa saa 3 ni 60, basi. Mtoto kajumlisha 80 na 50 kagawa kwa 2 kapata 65, na mama yake anaona iko sawa kabisa. Sasa 65 mara saa 3 ni km 195, hizo 15 za ziada basi limezipitia wapi?

Nikamuuliza mama anafanya biashara gani, anauza mchele. Nikamwambia haya, umechanganya kilo moja ya Kyela ya 3,000 na kilo mbili za mchele wa 2,400, kilo moja ya mchanganyiko imekugharimu shilingi ngapi? Bila kalamu, "Elfu mbili na mia sita." Mbona hujasema 2,700, ambayo ndiyo katikati? "Kwani kilo ziko sawa?" Haya, na saa je, ziko sawa? Dereva kakaa kwenye 50 saa mbili nzima, kwenye 80 saa moja tu! Akanyamaza, akaiangalia tena karatasi.

Na wapo wanaojitetea eti kama nusu ya njia ni 80 na nusu ni 50 basi ni 65. Hapana jamani. Km 90 kwa 80 ni saa 1.125, km 90 kwa 50 ni saa 1.8, jumla 2.925, wastani unakuja 61 na nusu hivi. 65 inapatikana pale tu SAA zikilingana, sio kilomita. Hili naomba mlishike kuliko yote niliyoandika humu.

Haraka haraka mengine mawili. Saa moja na dakika 30 ni 1.5, sio 1.30, kila wiki nafuta hiyo 1.30 ubaoni. Na basi likitoka saa 12 asubuhi likafika saa 3, usifanye 3 toa 12 ukaniletea −9, hesabu kwa vidole, 1, 2, 3, yameisha.

Ila ukipata hasi kwenye x au y usikimbilie kufuta. Weka km 260 badala ya 180, saa zile zile 3, y inatoka hasi. Hesabu haijakosewa hapo, inakwambia dereva alipita 80, maana hata angekwenda 80 mwanzo mwisho angefika 240 tu.

Sasa kuna jambo linanisumbua mwenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja wa Chimala aliniuliza, "Ticha, kwani basi halisimami?" nikamwambia asiongeze maneno kwenye swali. Nilikosea, na limenikaa moyoni. Basi linasimama Igurusi watu wapakie mchele, linasimama mizani. Hizo saa za kusimama ziite z:

x + y + z = 3
80x + 50y + 0z = 180

Visivyojulikana vitatu, milinganyo miwili, majibu hayana idadi. Kama lilisimama nusu saa, x inakuwa kama saa 1 na dakika 50 na y dakika 40, yaani kinyume kabisa na lile jibu letu, na safari ni ile ile! Mtihani unanyamaza kimya kama vile z ni sifuri.

Wiki iliyofuata nikamrudishia swali lake mbele ya darasa, nikauliza tunahitaji nini ili tumalize. Kijana kanyoosha mkono, "Konda aulizwe walisimama dakika ngapi." Nikaandika ubaoni mlinganyo wa tatu, z = 0.5, tukaendelea.