Umbo la Chungu Mikononi mwa Magdalene Odundo

Wengi wanaopita Ilesi, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, huviona vyungu vilivyopangwa kando ya njia kuwa vyombo vya jikoni tu. Sisi tunaohifadhi sanaa hapa Kisumu tungependa vitazamwe kama maumbo, na hakuna anayetusaidia katika hilo kuliko mfinyanzi mzaliwa wa Kenya, Magdalene Odundo.

Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950 na akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa. Hata hivyo, somo lake kubwa la ufinyanzi alilipata Nigeria katikati ya miaka ya 1970, katika kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew kwenye mji uliokuwa ukiitwa Abuja, ambao leo ni Suleja. Huko mfinyanzi wa Nigeria Ladi Kwali na wanawake wenzake walimfundisha kuinua chungu kwa mikono, bila gurudumu. Kwa hiyo wanaodai kwamba ni yeye aliyeugeuza ufinyanzi wa Kiafrika kuwa sanaa wanawakosea heshima walimu wake, ambao walikuwa wasanii tayari.

Odundo huanza na bonge la udongo, akalitoboa katikati na kuvuta kingo zake juu, kisha huongeza pindi za udongo na kukwangua kwa kipande cha kibuyu hadi ukuta uwe mwembamba. Hupaka udongo laini wa majimaji na kuusugua mpaka ung'ae. Kikichomwa kwenye tanuri lenye hewa ya kutosha, chombo huwa na wekundu wa chungwa. Kikichomwa tena kwa moshi, hewa ikizuiwa, huwa cheusi.

Umbo ndilo linalodai subira. Kila chombo kina tumbo, shingo na mdomo, na mara nyingi shingo huinama upande huku mdomo ukipanuka, hivi kwamba kile kilichoonekana kimetulia ukikitazama kwa mbele, ukikizunguka hatua chache hugeuka kama mtu aliyeitwa jina. Katika maumbo yake mna mwangwi wa vyungu vya Wamangbetu wa Kongo, sanamu za kale za visiwa vya Cyclades nchini Ugiriki, na pia wachongaji wa kisasa kama Brancusi na Barbara Hepworth. Mwaka 2019 jumba la sanaa la Hepworth Wakefield, Uingereza, lilionyesha vyombo vya Odundo sambamba na kazi za wengine zilizomvutia, na ujirani huo ulionyesha wazi kwamba havikukusudiwa kutekewa maji: uwazi ulio ndani yake ni sehemu ya umbo sawa na ukuta unaouzunguka.