Taka za PFAS: kuondoa si kuangamiza

Mkazi wa Arusha hahitaji kuhubiriwa kwamba maji maangavu yanaweza kubeba kisichoonekana, maana meno ya kahawia ya watu waliokulia kuuzunguka Mlima Meru ni ushahidi tosha. Floraidi inayoyatia meno hayo rangi, hata hivyo, hutoka katika miamba ya volkano. PFAS ni kundi la maelfu ya kemikali zilizobuniwa na binadamu na kuanza kutumika viwandani miaka ya 1940, ambamo florini imefungamana na kaboni kwa nguvu kiasi kwamba jua, bakteria na maji yanayochemka haviwezi kuzitenganisha. Uimara huo ndio uliozipeleka kwenye vikaango visivyogandisha, nguo zisizopenyeza maji na povu la kuzimia moto wa mafuta. Huohuo ndio unaozifanya taka zake kuwa mzigo.

Tunaposema eneo au maji "yamesafishwa" PFAS, mara nyingi tunamaanisha kuondoa tu. Maji hupitishwa kwenye mkaa ulioamilishwa, nazo kemikali hunasa humo. Aliyewahi kutumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, lile lililofanyiwa utafiti pale Ngurdoto, ataelewa haraka: floraidi haikutoweka, imehamia kwenye mifupa. Vivyo hivyo, mkaa ulionasa PFAS sasa ndio taka hatarishi, na udongo uliochimbwa na kutupwa katika dampo la kawaida utachujwa na mvua mpaka kemikali zifike kwenye maji ya chini ya ardhi. Kiasi kidogo mno kinatosha kuleta wasiwasi: mwaka 2024 Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita ya maji ya kunywa kwa kila moja ya PFOA na PFOS, kemikali mbili za kundi hili, ilhali kikomo cha floraidi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5, yaani mara 375,000 zaidi.

Kuangamiza ni kukivunja kile kifungo chenyewe cha florini na kaboni. Hapo huhitajika tanuri maalumu lenye joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi, pamoja na mitambo ya kunasa gesi kali ya floraidi inayozaliwa. Njia nyingine, ambayo bado ni ghali, hutumia maji yaliyopashwa kupita nyuzi 374 chini ya mgandamizo mkubwa. Shimo la kuchomea taka uani halifiki huko hata kidogo, na moshi wake huweza kuzitua kemikali hizo kwenye shamba la jirani.

Mkataba wa Stockholm, makubaliano ya kimataifa kuhusu kemikali hatari zinazodumu katika mazingira, ambao Tanzania ni mwanachama wake, uliidhibiti PFOS mwaka 2009 na kuipiga marufuku PFOA mwaka 2019, isipokuwa kwa matumizi machache. Mwenye madumu ya povu la zamani la kuzimia moto ghalani ayaache yamefungwa, yakiwa na lebo, juu ya sakafu ya zege iliyoezekwa, kisha awasiliane na NEMC, baraza la taifa la mazingira la Tanzania. Likimwagika, alifyonze kwa mchanga mkavu na kuuhifadhi mchanga huo katika pipa lenye mfuniko, kwani akilisukuma kwa mpira wa maji litaishia mtaroni.