Mfumo Ukikukadiria Vibaya, Dai Sababu kwa Maandishi

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), inayosimamia bima ya afya ya umma nchini Kenya, ianze kazi Oktoba 2024, malalamiko mengi yanayofika kwenye dawati letu ni ya sampuli moja: "Kompyuta imesema nilipe hivi, na mimi sina." Wengi huishia hapo. Wengine hurudi saiba (duka la intaneti) kujaza majibu mapya ya maswali ya kukadiria mchango, safari hii nyumba ya mawe imegeuka ya udongo. Hilo tunaomba likome. Ukidanganya unaharibu kesi ambayo ungeishinda kwa kusema kweli.

Asiye na mshahara wa kila mwezi hukadiriwa kwa maswali kuhusu kaya yake: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, mnapikia nini, choo ni cha aina gani. Kutokana na majibu hayo mfumo hukisia mapato, kisha hutoza asilimia 2.75 ya mapato hayo, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Chukua mama mboga aliyeachiwa nyumba ya mawe na marehemu mumewe. Akipata 8,000 kwa mwezi, anastahili kiwango cha chini, yaani 3,600 kwa mwaka. Nyumba ikimfanya aonekane wa 20,000, atadaiwa 6,600. Mfumo umeona mawe, haujaona siku ambazo sukuma wiki inanyauka mezani bila mnunuzi.

Sasa, sheria. Tunaambiwa kila mara kwamba serikali "imekatazwa" kutumia kompyuta kuamua. Haijakatazwa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalokugusa kwa uzito, lakini kinaruhusu pale sheria nyingine inapoidhinisha na kuweka kinga za kutosha, pale mkataba unapolazimu, au pale ulipokubali mwenyewe. Ambacho hakiwezi kukwepwa ni hiki: uamuzi ukiwa wa mashine pekee, taasisi ikujulishe kwa maandishi, nawe unaweza kuomba ufikiriwe upya au utolewe uamuzi mpya usioachiwa mashine pekee. Ikishalishughulikia ombi lako, ikuandikie hatua ilizochukua na matokeo yake.

Kwa hiyo andika barua. Taja uamuzi na tarehe yake, uliza ni taarifa zipi zilizotumika, eleza kisichoonekana kwenye majibu yako, kisha omba binadamu aupitie. Kama kuna jibu lililoingizwa kimakosa, omba lirekebishwe. Kanuni za Ulinzi wa Data za 2021 zinaipa taasisi siku 14 kulirekebisha. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ukae nayo. Kupiga kelele kaunta hakuachi rekodi yoyote.

Sababu nazo ni haki yako chini ya Ibara ya 47 ya Katiba. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inasema ofisi isipotoa sababu ilizoombwa, itachukuliwa kwamba iliamua bila sababu nzuri, hadi ithibitishe vinginevyo. Wananchi wachache mno hukitumia kipengele hiki, na sijui tunangoja nini.

Ukikwama, nenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Malalamiko yanaweza kuwa ya mdomo, afisa atayaandika, na uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Kamishna anaweza kutoa ilani ya utekelezaji, yaani amri ya kurekebisha kosa. Anayeipuuza bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiozidi miaka miwili, au vyote viwili. Ipo pia ilani ya adhabu, yaani amri ya kulipa faini, ambayo kwa kampuni haizidi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Asiyeridhika na hatua ya Kamishna huenda Mahakama Kuu.

Ieleweke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data haisemi malalamiko yanasimamisha mchango wako wa SHA. Ombi lako likiwa bado linashughulikiwa, uliza kwa maandishi ulipe kiasi gani kwa sasa.