Maji Hayaiui Wiski ya Nguvu ya Pipa

Wiki iliyopita mteja aliifunika glasi yake kwa kiganja nilipomsogezea jagi. "Dada, hii ni nguvu ya pipa. Ukiitia maji umeiua." Meza nzima ikaitikia kwa vichwa. Maneno hayo kuhusu nguvu ya pipa, yaani wiski kali iliyotiwa chupani bila kuongezwa maji, nayasikia karibu katika kila kikao cha kuonja ninachokiongoza hapa Nairobi, na yamenichosha, kwa sababu yanamnyima mtu kitu alichokilipia pesa nyingi.

Tuanzie Uskoti kwenyewe. Pombe ya kimea cha shayiri hutoka mtamboni ikiwa na alkoholi ya takriban asilimia 70. Viwanda vingi haviitii pipani hivyo hivyo. Kwanza huishusha kwa maji, mara nyingi hadi asilimia 63.5, ndipo pipa la mwaloni linajazwa na kufungwa. Huko ghalani kwenye ubaridi na unyevu, pipa hupoteza kama asilimia 2 ya ujazo kila mwaka kwa mvuke, na nguvu nayo kwa kawaida hupungua polepole. Likifunguliwa baada ya miaka 10 au 12, mara nyingi unakuta asilimia 55 hadi 60. Nguvu ya pipa maana yake ni hiyo tu: kiwanda hakikuongeza maji wakati wa kujaza chupa. Haina maana kwamba wiski hiyo haijawahi kukutana na maji.

Na ile chupa ya asilimia 40 anayokunywa huyu mteja wangu siku nyingine zote? Lita moja ya wiski yenye asilimia 60 hupokea karibu nusu lita ya maji ili ifike 40. Hiyo haiiti maiti. Tofauti ya chupa hizi mbili ni nani aliyeshika jagi. Kwenye nguvu ya pipa kiwanda kimekuachia wewe uamuzi huo, nawe unaukataa.

Sasa tazama kinachotokea mdomoni. Alkoholi kali huamsha vipokezi vilevile vinavyoamshwa na pilipili, vile vinavyoupelekea ubongo habari ya moto. Mtu aliyetoka kutafuna pilipili kichaa humuulizi kama mchuzi una iliki. Vivyo hivyo, anayebugia wiski ya asilimia 60 bila maji anapima uvumilivu wa ulimi wake. Kazi ya shayiri, ya chachu na ya pipa hajaifikia. Puani ni yaleyale: ukiingiza pua yote ndani ya glasi, mvuke wa alkoholi unaitia ganzi, na kwa muda huwezi kunusa vizuri.

Kuna sababu nyingine, ya kikemia, nami naipenda sana. Mwaka 2017 watafiti Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walitumia kompyuta kuiga mwenendo wa guaiakoli, mojawapo ya molekuli zinazoipa wiski harufu ya moshi. Katika mchanganyiko wenye alkoholi hadi asilimia 45, guaiakoli ilielekea kukaa juu, pale kimiminika kinapokutana na hewa, mahali ambapo pua inaweza kuipata. Alkoholi ilipozidi asilimia 59, molekuli za ethanoli ziliizingira na kuizamisha. Ni hesabu za kompyuta na molekuli moja tu, kwa hiyo sidai kwamba zimemaliza mjadala. Lakini zinaeleza vizuri jambo ninalolishuhudia mezani kila wiki. Nao mabingwa wa viwandani, wanaonusa sampuli siku nzima ili kuamua pipa lipi liende wapi, huzishusha sampuli hizo hadi karibu asilimia 20. Hakuna anayewaambia kwamba wameua kitu.

Mimi hufundisha hivi. Mimina toti ya mililita 30 kwenye glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Iache dakika 10. Nusa kwa mbali, mdomo ukiwa wazi kidogo, halafu chukua tone dogo ulimini na uandike ulichokipata kabla jirani hajafungua mdomo wake. Usiruke hatua hii, kwa sababu hukumu bila maji ni nusu ya ushahidi. Kisha tia kijiko kimoja cha chai, mililita 5. Kama ilikuwa asilimia 60, sasa ni kama 51. Subiri dakika mbili tatu, nusa, onja, andika. Kijiko cha pili kitakufikisha 45, na kwa wiski nyingi hapo ndipo milango inapofunguka. Maji yawe ya kawaida, yasiwe ya friji wala ya bomba yenye harufu ya klorini. Na tumia kijiko, nakusihi. Anayemimina kutoka kwenye jagi kwa kukadiria huzamisha wiski, kisha hulaumu maji.

Mfano wangu wa kufundishia ni Laphroaig ya miaka 10 ya nguvu ya pipa, kutoka kisiwa cha Islay, Uskoti. Bila maji wengi husema "dawa ya kidonda" na kuishia hapo. Kijiko cha kwanza huleta makaa yaliyomwagiwa maji jikoni, na chumvi ya pwani. Cha pili hutoa vanila na utamu wa shayiri ambao hakuna aliyekuwa ameutaja. Yule mteja aliyefunika glasi alikubali mwishowe kujaribu kijiko kimoja. Alirudi kunusa mara nne.

Nakiri kwamba si kila wiski hufaidika sawa. Iliyokaa miaka mingi kwenye pipa la sheri, mvinyo mkali wa Uhispania, inaweza, ikizidishiwa maji, kuuachia uchungu wa mti utawale. Ndiyo maana nasema kidogo kidogo: maji ukishayatia huyatoi. Na barafu haichukui nafasi ya maji, kwani ubaridi huzuia harufu kupanda.

Mengine nayajibu kwa haraka.

"Asilimia ikiwa kubwa, wiski ni bora zaidi." Asilimia inakuambia kiasi cha alkoholi, basi. Huko Uskoti nguvu ikiwa juu sana huenda ni dalili ya ujana, kwa kuwa pipa halijapata muda wa kuipunguza. Namba nazo huwachanganya watu: 105 kwenye chupa ya Glenfarclas si umri wala asilimia. Ni digrii za kipimo cha zamani cha Waingereza, ambacho digrii zake 100 ni sawa na asilimia 57.1 hivi. Wiski hiyo ni ya asilimia 60.

"Nguvu ya pipa ni pipa moja." Hapana. Kwa kawaida ni mapipa mengi yaliyochanganywa, mara nyingi ya kiwanda kimoja. Aberlour A'bunadh, wiski ya nguvu ya pipa ya Uskoti, hutoka kwa matoleo yenye namba, na nguvu yake hubadilika toleo hadi toleo. Ya pipa moja husema hivyo kwenye lebo.

Rangi ninaichukia kama kigezo kuliko vigezo vyote vilivyobaki. Kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinaruhusu rangi ya karameli, E150a. Na hata pasipo karameli, pipa la sheri linalotumika kwa wiski mara ya kwanza huitia wekundu mzito ndani ya miaka michache, wakati pipa la bourbon, wiski ya Marekani, lililokwisha kutumika mara tatu linaweza kutoa wiski ya miaka 20 iliyopauka kama majani makavu. Unapotathmini, ifunike glasi kwa karatasi ikibidi.

Wengine hunipigia simu wakidai wameuziwa feki kwa sababu wiski imeingia ukungu baada ya kutiwa maji. Ukungu huo ni mafuta ya asili ya wiski ambayo kiwanda hakikuyaondoa kwa kuichuja wiski ikiwa imepozwa. Nguvu ya wiski ikishuka chini ya asilimia 46 hivi, mafuta hayo huanza kujionyesha. Mimi huufurahia ukungu huo, maana mafuta hayo ndiyo yanayoipa wiski uzito ulimini.

Toti moja ya asilimia 60 ina mililita 18 za alkoholi tupu, ya asilimia 40 ina 12. Kwa hiyo ukinywa mbili za nguvu ya pipa umekunywa tatu. Vikaoni kwangu kuna kikombe cha kutemea mbele ya kila mtu, na anayeendesha gari anakitumia.

Na chupa uliyoinunua ikiwa na miaka 12 itabaki ya miaka 12 hata ukimrithisha mjukuu, kwani umri huhesabiwa pipani tu. Isimamishe wima, mbali na jua, kwa sababu alkoholi kali hula kizibo cha gome. Ikibaki robo, ihamishie kwenye chupa ndogo kabla hewa haijaifubaza.